Kipengele cha Kuachana

Mei 2023 mji wa Embu haukuwa na usingizi. Sikukuu ya Madaraka ya Juni 1 ilikuwa imepangiwa kufanyika huko, katika Uwanja wa Moi, na kazi ya kuutengeneza uwanja ilikuwa ikifukuzana na kalenda. Mwezi huohuo, kutoka Nairobi, ikaja taarifa ya namna nyingine. Sauti Sol, wanaume wanne ambao kwa karibu miaka 20 walikuwa wameimba pamoja na kuijulisha Kenya kwa walimwengu, walitangaza kwamba wangefanya ziara ya mwisho kisha wasitishe kazi ya pamoja kwa muda usiojulikana. Hawakutupiana maneno. Walitaja tarehe, wakauza tiketi, na Novemba ya mwaka ule wakawaaga mashabiki katika Uhuru Gardens.

Nimezitafakari habari hizo mbili kwa pamoja kwa sababu zote ni habari za mradi. Uwanja ulikuwa na tarehe ya kufunguliwa, na bendi ikajiwekea tarehe ya kufunga. Huku kwetu, kuanzia Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Nkubu na Meru mjini, kufungua tunakujua vizuri. Tunajua kukata utepe, kuvaa fulana za rangi moja, kupiga picha na mgeni wa heshima. Kufunga hatukupangi. Kwa hiyo mambo hujifunga yenyewe, usiku, bila kikao, na asubuhi watu huulizana spika zimeenda wapi.

Naamini kundi la wasanii, kama mradi wowote wa watu wengi, halivunjwi na ugomvi wa siku moja. Huvunjwa na mambo ambayo mpango wake ulinyamaza juu yake: vyombo ni vya nani, jina ni la nani, wimbo ni wa nani, na mmoja akitaka kuondoka ataondoka na nini. Historia ya muziki wa Afrika Mashariki imeshatufundisha somo hili zaidi ya mara moja, na vijana wa Embu na Meru wanaojiandikisha leo kama vikundi vya muziki wana haki ya kulipata kabla ya kulilipia.

Hesabu ya kujumlisha nyota

Wazungu wa muziki wa rock walikuwa na tabia, mwishoni mwa miaka ya 1960, ya kuchukua watu waliokwisha kuwa mashuhuri katika bendi zao na kuwaweka kwenye bendi moja. Mfano ulio wazi zaidi ni Blind Faith ya Uingereza. Eric Clapton na Ginger Baker walikuwa wametoka Cream, bendi iliyokuwa nayo imeundwa kwa nyota na kuvunjika mwaka 1968 baada ya miaka miwili tu. Steve Winwood alitoka Traffic, na Ric Grech akatoka Family. Juni 1969 walipiga onyesho lao la kwanza katika bustani ya Hyde Park, London, mbele ya umati mkubwa ajabu. Wakatoa albamu moja, wakazunguka Marekani mara moja, na kabla ya mwaka kwisha bendi haikuwepo tena.

Aliyeipanga bendi ya namna hiyo alikuwa amefanya hesabu ya kujumlisha: huyu ana mashabiki wake, yule ana wake, tukiwaunganisha tutapata wa wote. Karatasini hesabu hiyo haina kosa. Tatizo ni kwamba kila nyota huja na mazoea yake, na madai yake kuhusu nani atangulie na nani afuate. Katika bendi iliyokua polepole, mambo hayo huwa yamekwisha kupangwa kwa miaka ya njaa ya pamoja. Kundi la nyota hukutana likiwa limeshiba, na halijawahi kugawana sufuria tupu.

Hesabu hiyohiyo ndiyo tunayoifanya sisi tunapounda kikundi cha kaunti kwa kuchagua mwimbaji bora wa kila wadi, au timu ya mpira kwa kuchota wachezaji kutoka kila kijiji siku tatu kabla ya mashindano. Tunahesabu vipaji. Tunasahau kuhesabu mapatano.

Dar es Salaam, 1985

Afrika Mashariki ilipata kundi lake la nyota katika jiji la Dar es Salaam. Ili kulielewa, inafaa kwanza kujua bendi za dansi za Tanzania ziliendeshwaje. Tangu miaka ya 1960, vyombo vilikuwa vya taasisi. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na Nuta Jazz, jeshi na polisi walikuwa na bendi zao, na mashirika ya umma vilevile. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Akiondoka, aliondoka na koo lake na vidole vyake tu, gitaa lilibaki.

Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park Orchestra chini ya TTTS, shirika la usafiri na teksi. Ndani yake walikuwemo Muhiddin Maalim Gurumo, aliyetoka Nuta, na Abel Balthazar, pamoja na Michael Enoch, ambaye wenzake walimwita mwalimu. Mtindo wao wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Shirika lilipokwama mwaka 1983, bendi ikahamishiwa kwa DDC, shirika la maendeleo la jiji, na muziki ukaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mwenye mali alibadilika, lakini taratibu za kazi zilibaki zilezile.

Kisha ukaja mwaka 1985. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, alilivunja kundi alilokuwa nalo akaunda jipya, International Orchestra Safari Sound, na akaenda kuwavuta wanamuziki kutoka Mlimani Park kwenyewe, wakiwemo Gurumo na Balthazar. Mtindo wao ulikuwa Ndekule. Kwa yeyote aliyetazama kutoka nje, mchezo ulikuwa umekwisha: upande mmoja fedha, vyombo na majina makubwa, upande wa pili bendi ya shirika la umma iliyoporwa nguzo zake.

Haikwenda hivyo. Safari Sound ilipiga nyimbo nzuri zinazokumbukwa hadi leo, lakini haikudumu. Gurumo hatimaye alirudi kwenye bendi yake ya zamani, ile ya chama cha wafanyakazi, ambayo sasa tunaijua kama Msondo Ngoma, akakaa nayo mpaka alipostaafu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Na Mlimani Park, ile iliyoporwa? Ilibaki na mwalimu wake Michael Enoch, ikaziba mapengo kwa sauti mpya, na jina la Sikinde likaendelea kuvuta watu miongo mingi baadaye.

Kila ninapofikiria habari hii, naona kwamba Mlimani Park ilikuwa na kitu ambacho fedha haikuweza kukinunua kwa mkupuo: utaratibu wa kumpokea mgeni. Wimbo ulikuwa na mpangilio unaojulikana, sehemu ya taratibu ya kusimulia na sehemu ya chemko ya kucheza, na kila chombo kilikuwa na kazi yake. Mwimbaji mpya alikuta kiti kikimngoja. Kundi la nyota lilitegemea watu. Bendi iliyoporwa ilitegemea kazi iliyogawanywa. Mtu huhama, ila kazi iliyogawanywa vizuri hubaki mahali pake ikisubiri mwingine.

Waliokuwa nyuma wakaondoka

Upande wetu wa mpaka tuna mfano unaouma zaidi, kwa kuwa ulianza kwa udugu. Wilson Peter na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, walikopigia Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walikuwa Arusha, mwaka 1971 wakavuka hadi Mombasa wakaanzisha Simba Wanyika, na kufikia mwaka 1975 walikuwa Nairobi. Redio ya taifa, iliyoitwa Sauti ya Kenya wakati ule, ilizipeleka nyimbo zao mahali ambapo basi lilifika mara moja kwa siku. Huku mlimani, ambako nyumbani watu waliongea Kiembu, Kimbeere au Kimeru, nyimbo zao zilikuwa shule ya Kiswahili kwa watu wengi. Ulijifunza kubembeleza na kulalamika kwa Kiswahili cha Tanga kabla hujawahi kuiona bahari.

Novemba 1978 Simba Wanyika ilipasuka, na inafaa kuangalia kwa makini ni nani walioondoka. Hawakuwa wale waliosimama mbele. Alikuwa Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, mpiga gitaa la ridhimu. Tom Malanga wa gitaa la besi. Na Rashid Juma wa drams. Yaani walioondoka ni waliobeba mdundo, watu ambao msikilizaji wa kawaida hawajui kwa majina lakini akiwakosa hawezi kucheza.

Waliunda Les Wanyika. Na walifanya jambo ambalo vikundi vingi vya leo havina subira ya kulifanya: walijifungia karibu miezi sita wakitunga na kufanya mazoezi kabla ya kusimama mbele ya watu katika ukumbi wa Garden Square, Nairobi. Issa Juma alikuwa kwenye sauti, Sijali Zuwa kwenye saksafoni, na baadaye akaongezeka John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akipiga Kenya. Wimbo wao Sina Makosa ukawa mkubwa kuliko bendi nyingi, na hadi leo hakuna harusi ya mlimani inayofika usiku wa manane bila mtu kuuomba.

Lakini jeraha lilelile lililowatoa kwa ndugu wa Kinyonga halikutibiwa. Baada ya miaka michache tu, Issa Juma naye akaondoka, akaunda Super Wanyika. George Peter, kwa upande wake, alikuwa na kundi la Jobiso kando ya bendi ya familia. Jina Wanyika likawa kama ng'ombe aliyekatika kamba: kila aliyelishika alisema ni lake, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumthibitishia mwenzake. Msikilizaji aliyeenda kununua santuri River Road ilimbidi aulize ni Wanyika wapi.

Juu ya hayo kulikuwa na mzigo ambao hakuna mpango wa bendi ulioweza kuuepuka: wengi wao walikuwa raia wa nchi jirani, na katika miaka ya 1980 vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni vilikuwa mtihani wa kila mara. George alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo. Profesa Omar naye hakuiona karne mpya.

Nimesikia watu wakisema bendi hizi ziliuawa na tamaa. Sikubaliani nao. Mpiga ridhimu anayetaka kujua mgao wake si mtu wa tamaa. Anauliza swali ambalo lingepaswa kujibiwa siku ya kwanza. Likikosa jibu, miguu yake hujibu.

Mashinani, kati ya Embu na Meru

Sasa tuje nyumbani. Ingia kwenye baa yenye muziki usiku wa Jumamosi, iwe Embu mjini, iwe Makutano ya Meru, na kwa kawaida utakuta mtu mmoja na gitaa lake. Nyuma yake kuna kinanda au mashine inayopiga drams na besi. Hii ndiyo mugithi ya mtu mmoja, iliyoenea kote Mlima Kenya tangu miaka ya 1990, na wanaoipiga ni mafundi wa kweli: mtu hukaa na umati saa tano au sita, akibadilisha nyimbo kutoka Kikuyu hadi Kiembu hadi Kimeru hadi Kiswahili, akiwataja wateja kwa majina, bila kupoteza mdundo.

Ila tuseme ukweli kuhusu kilichomleta. Mwenye baa alipiga hesabu. Bendi ya watu wanane inataka usafiri, chakula, malipo manane na nafasi ya jukwaa ambayo ingewekwa meza za wateja. Kutoka Embu hadi Meru ni zaidi ya kilomita 100, na bado kuna Maua mbele. Mtu mmoja hupanda matatu na gitaa lake mgongoni. Wapiga besi na wapiga drams wa eneo hili hawakufukuzwa na mtu. Walipunguzwa na hesabu hiyo mpaka wengi wakabaki na Jumapili tu, kanisani, ambako bendi kamili bado ina mahali pa kukaa.

Katika hali hiyo, mradi wa kuunda kikundi cha muziki cha vijana ni jambo jema kweli, na watu wa kaunti na wafadhili wanaouleta wanastahili heshima. Njia yake inajulikana. Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na sheria inataka umma ushirikishwe katika kuutengeneza. Wazo likipita, linaingia kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Vijana wanaambiwa wajisajili kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Tangu mwaka 2022 kuna sheria maalumu ya usajili wa vikundi vya kijamii, nayo inataka kikundi kiwe na katiba na viongozi. Wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanafungua akaunti yenye watia sahihi watatu, wanangoja.

Mashinani mambo huanza kuachana na karatasi hapo. Fedha za kaunti huchelewa kutoka Hazina ya Kitaifa, na mara nyingi manunuzi hukimbizwa mwishoni mwa mwaka wa fedha, Mei na Juni. Lakini kalenda ya fedha ya watu wa huku ni nyingine kabisa. Mkulima wa chai wa Manyatta au wa Imenti hungoja bonasi, ambayo hufika kuelekea Oktoba. Wa kahawa hungoja malipo ya ushirika. Upande wa Mbeere muguka huleta fedha ndogondogo za kila siku, na Igembe ni miraa. Harusi na mikutano ya mahari hufuata fedha hizo, na hufuata likizo za Agosti na Desemba. Kikundi kinachopokea vyombo Juni, kikiwa hakijafanya mazoezi, hukuta msimu wa Agosti umekipita, na kinapokuwa tayari, Januari imefika na kila mzazi anatafuta karo.

Halafu kuna suala la mahali pa kuweka vyombo. Pendekezo la mradi hutaja aina ya spika na idadi ya maikrofoni, lakini ni nadra kutaja chumba. Vyombo vinaishia sebuleni kwa mwenyekiti, kwa kuwa ana nyumba yenye mlango wa chuma. Kuanzia usiku huo, bila mtu yeyote kuwa mwizi, umiliki umeanza kuhama. Anayetaka kufanya mazoezi lazima apige simu. Mwenyekiti akisafiri, mazoezi hakuna. Spika ikiungua kwenye mazishi ya jirani, haijulikani nani alipe. Mpiga besi anakuja mara mbili, mara tatu, kisha anarudi kwenye bodaboda yake, kwa sababu bodaboda humpa hela siku hiyohiyo. Tunarudi Novemba 1978: wa kwanza kuondoka ni waliobeba mdundo.

Ripoti ya mradi, hata hivyo, inaweza kuwa njema. Inasema vyombo vimenunuliwa, vijana kadhaa wamefunzwa, uzinduzi umefanyika. Kila neno ni la kweli. Ripoti iliandikwa kabla ya swali kufika.

Meru ina kumbukumbu yake ya jinsi ardhi inavyoipindua ramani. Uwanja wa Kinoru uliwekwa kwenye orodha ya viwanja vya mashindano ya CHAN ya mwaka 2018. Septemba 2017 shirikisho la soka la Afrika likaipokonya Kenya uenyeji kwa sababu maandalizi yalikuwa nyuma, na mashindano yakaenda Morocco. Kilichokuja Kinoru Juni 1, 2018 kilikuwa sikukuu ya Madaraka. Uwanja ulipata kazi nyingine, na hiyo ni heri, kwa maana saruji haina njaa, inaweza kungoja. Kikundi cha watu hakiwezi kungoja hivyo. Lengo lake likifutwa, watu wake hutawanyika kabla lengo jingine halijapatikana.

Walivyopanga kuachana

Ndiyo maana narudi kwa Sauti Sol, nikiwa na hakika kwamba mwisho wao ni kazi ya kusomwa na si ya kuhuzunikia tu. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikutana Shule ya Upper Hill, Nairobi, wakiimba bila vyombo. Wakampata Polycarp Otieno na gitaa lake huko Alliance Française, na mwaka 2005 wakawa kundi. Albamu ya kwanza, Mwanzo, ilitoka mwaka 2008 chini ya lebo ya watu wengine. Baadaye wakajenga kampuni yao wenyewe. Mwaka 2014 walipewa tuzo ya MTV ya Ulaya kama wasanii bora wa Afrika, na mwaka 2020 wakaitoa albamu ya Midnight Train wakiwa na lebo ya Universal.

Hawakuanza wakiwa nyota, na hilo linawatofautisha na Blind Faith au Safari Sound. Lakini kufikia mwisho wa muongo ule kila mmoja wao alikuwa nyota kwa haki yake, kwa hiyo shida ikawa ileile: wanne wenye majina makubwa, jina moja juu ya bango. Makundi mengi hufika hapo na kuanza kuoza kimyakimya. Wao waliliweka jambo mezani. Mwaka 2021 walitangaza mpango ambao kila mmoja angetoa kazi yake peke yake huku kundi likiendelea kuwepo. Mwaka 2022 tukapata Savage Level ya Savara, Heavy Is the Crown ya Chimano, na Father Studies ya Polycarp, iliyotoka kwenye maisha ya mtu aliyekuwa baba.

Kama mpango ule ulikusudiwa kuliokoa kundi, basi haukulitimiza hilo. Mwaka uliofuata wakatangaza kusitisha. Lakini mpango mzuri ni ule unaokuonyesha ukweli mapema, ukiwa bado una nafasi ya kuchagua. Miezi ile ya kufanya kazi mmoja mmoja iliwaonyesha wanaweza kusimama peke yao, na kuwaambia mashabiki jambo hilohilo kwa upole. Tangazo la Mei 2023 lilipokuja halikuwa mpasuko. Walisema pia kwamba wangebaki washirika wa biashara, na kampuni ziliendelea kuwepo.

Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa umiliki ulikuwa wazi. Hawa ni watu ambao mwaka 2022 waliukemea hadharani muungano wa Azimio, wakati wa kampeni kali za urais, kwa kuutumia wimbo wao Extravaganza bila ridhaa yao. Wengi walishangaa wanamuziki wakiukabili muungano mkubwa namna ile kwa sababu ya wimbo mmoja. Kwangu ilikuwa ishara ya afya: walijua mali yao ni ipi na inaanzia wapi. Anayejua hivyo anaweza kugawana kwa amani.

Extravaganza wenyewe ulikuwa wimbo wa kuitambulisha Sol Generation, lebo waliyoizindua mwaka 2019 ili kuinua wengine. Miongoni mwa waliosimama humo ni Bensoul, msanii anayetokea Embu. Hili linapasa kutugusa huku. Kijana wa mlimani alipata ngazi kwa sababu kundi moja la Nairobi liliwekeza katika kitu ambacho kingeishi nje ya kundi lenyewe. Ziara ya mwisho ilikwisha, na Bensoul bado anaimba.

Kinachofaa kuandikwa kwanza

Sidai kwamba karatasi huleta upendo. Bendi inataka upendo, na mazoezi, na uvumilivu wa kusikiliza kosa lilelile mara kumi bila kumdharau mwenzako. Lakini upendo usioandikiwa kitu chochote hubeba mizigo isiyokuwa yake, na siku moja hushindwa.

Kwa hiyo nawaomba maafisa wa utamaduni na vijana wa kaunti zetu, na wafadhili wanaopanda mlima huu na nia njema, waongeze ukurasa mmoja kwenye pendekezo la mradi, mbele ya ukurasa wa bei. Uandikwe kwa lugha ambayo mpiga drams anaielewa bila mkalimani. Useme vyombo ni vya nani, vitalala wapi, na ufunguo utashikwa na watu wangapi. Useme mapato ya harusi moja yatagawanywaje: fungu la kila mpigaji, fungu la matengenezo, fungu la akiba. Useme ni nani ameandikwa kama mtunzi wa kila wimbo kabla haujapelekwa kurekodiwa, ili siku utakapopigwa Muuga FM au Wimwaro FM, au mtu atakapouchukua kama mlio wa simu, mrabaha usimkute mtunzi amesahauliwa. Na useme jina litabaki kwa nani.

Kisha uwepo mstari ambao sijauona katika mapendekezo niliyopata kuyasoma: anayetaka kuondoka atatoa notisi ya muda gani, atalipwa nini, na atamfundisha nani kabla ya kwenda. Wengine husema kuandika hivyo ni kukaribisha nuksi. Mimi naona ni heshima. Unamwambia kijana wa miaka 22 kwamba maisha yake ni mapana kuliko kikundi hiki: atapata kazi Nairobi, ataoa au ataolewa, ataitwa chuoni, naye hatakuwa msaliti kwa kwenda. Ukimwekea mlango, hatalazimika kuvunja ukuta.

Na upimaji wa mradi usiishie siku ya uzinduzi. Afisa arudi mwaka wa tatu aulize maswali mawili: mpiga besi wa kwanza yuko wapi, na nani anapiga besi sasa? Akikuta yule wa kwanza amekwenda zake kwa amani na wa pili ameketi kwenye kiti chake akipiga, aandike kwamba mradi umefaulu, hata kama nusu ya majina ya mwanzo hayapo tena. Akikuta majina yote yangali kwenye rejesta na spika ziko sebuleni kwa mwenyekiti, aandike hilo pia, bila kuogopa.

Vipaji tunavyo. Kuanzia Siakago hadi Maua kuna watoto wanaopiga gitaa kwenye kwaya za makanisa kwa ustadi ambao ungekuwa na soko popote. Walichokosa baba zao, na walichokosa hata Wanyika katika utukufu wao wote, ni kikao kimoja kirefu kabla ya onyesho la kwanza, kalamu ikiwa mezani na mpiga ridhimu akiwa na kura sawa na mwimbaji. Kikao hicho hakihitaji bajeti ya kaunti wala mgeni wa heshima. Kikundi chochote kinaweza kukifanya Jumapili hii baada ya ibada, na kisichokifanya kisipokee vyombo.